Moyo wa Mwinjuma Ndani ya Ngoma

Jumamosi moja ya mwaka 1994, huko Mtoni, Mauwa na mumewe Mwinjuma walikuwa wakimtoa mwali, binti yao Najma. Pilau ilishapakuliwa, na jirani mmoja aliyekwisha kula mara mbili alikuwa akilalamika kwamba nyama haikumfikia. Mwinjuma alipiga ngoma mwenyewe, maana hakumwamini mtu mwingine kwa shughuli ya binti yake. Katikati ya wimbo moyo wake ulisimama, akaanguka. Ngoma ikaendelea kulia.

Kungwi Mwajabu aliinama, akatega sikio kwenye ngozi.

"Moyo wake umeingia humu," alisema. "Chezeni. Mkiacha itanyamaza, na yeye atakwenda nayo."

Wanawake wakacheza, na kusema kweli walicheza vizuri kuliko mwanzo, kwa sababu mkono wa kushoto wa Mwinjuma ulikuwa na tabia ya kuchelewa. Mwenyewe aliinuka akaketi mkekani, wa baridi, bila mapigo, akaomba maji ya kunywa. Mauwa alimpa huku machozi yakimtoka. Alimpenda sana mwanamume yule, ingawa hakuwahi kumwambia mbele za watu.

Miezi hiyo kulikuwa na gari jeupe la madaktari lililozunguka Temeke likijaribu dawa ya watu ambao mioyo yao husimama mbali na hospitali. Haki yao wapewe, walifika upesi. Daktari Apolinari alishika kifundo cha mkono wa Mwinjuma, hakukuta kitu. Muuguzi Benedicta alikipeleka kipimo chake kwenye ngoma, akasema mapigo ni mazuri ila yana haraka, akinamama wapunguze kidogo vigelegele.

"Shikamoo, baba," alisema daktari. "Kichupa hiki huenda ni dawa, huenda ni maji ya chumvi. Hata mie sijui. Kwa kawaida ruhusa tunawaombaga ndugu, lakini kwa kuwa unaongea..."

"Marahaba. Na anayedungwa maji?"

"Naye anahesabiwa."

"Akiwa hai?"

"Akiwa vyovyote, baba."

Mwinjuma alimtazama binti yake, aliyekuwa bado amefunikwa kanga, akisubiri kufunuliwa na kutuzwa.

"Nidunge, mwanangu. Sie tuna shughuli hapa."

Benedicta alidunga. Wanawake waliokwisha kuchoka wakazidi kuzungusha nyonga, na yule jirani wa pilau akajitosa katikati yao bila kualikwa. Mara ngoma ikanyamaza. Mauwa akashika kichwa. Mwinjuma akakohoa, akajigusa kifua, akatambaa hadi kwenye ngoma na kumalizia wimbo kwa mikono yake, wa kushoto ukichelewa vilevile. Najma akafunuliwa. Vigelegele vilivyopigwa hapo Benedicta hakuthubutu kuvipunguza. Alikuwa akipiga na yeye.

Majaribio yalikwisha kabla ya Ramadhani. Apolinari alirudi na kreti la soda kuwashukuru wenyeji. Dawa, alisema, imefaulu vizuri sana.

"Sasa tutaipata wapi?" aliuliza Mauwa.

"Huko ilikotoka, mama. Kwa hapa haikupangwa."

Alisema hivyo akitazama chini. Alikaribishwa sambusa, akala, kisha gari likaondoka kwenda mkoa mwingine.

Baada ya sikukuu, moyo wa Gregori, fundi cherehani wa Keko, ulisimama akiwa anakata suruali. Watu hawakubabaika. Walileta ngoma, moyo ukaingia bila taabu, na Gregori akaendelea kukata. Mkewe Avelina alipanga zamu za kucheza: asubuhi kwaya ya parokia, mchana wauza mihogo, jioni mtaa kwa mtaa. Wateja wameongezeka, na suruali zinatoka zimenyooka. Ukimgusa Gregori ni wa baridi, lakini anacheka. Kila akisikia gari anauliza kama ni lile jeupe, na Avelina humjibu kwamba bado.

Leo ni zamu ya Mtoni. Mauwa amejifunga kanga kiunoni na kutangulia kuingia uwanjani.