Nguo Mia Moja na Kumi Zisizo na Alama

Dobi waliyemwita Povu alikuwa na maringo ya aina moja tu: hakuwahi kupoteza nguo ya mtu. Daftari hakuwa nalo, wala vikaratasi vya namba. Ukimletea nguo, alizitia uzi wa rangi ndani ya ukosi au kwenye pindo, akaupiga fundo moja au mawili, na rangi zote zilikaa kichwani mwake. Uzi mwekundu fundo moja, mwalimu. Wa njano mafundo mawili, nesi. Ukimwuliza kwa nini haandiki, alikujibu, "Kwani kichwa nimepewa cha kufugia nywele?" Jeuri tupu, na jeuri hiyo ilimponza.

Ijumaa moja asubuhi alikwenda kununua sabuni, akamwacha dukani mama mkwe wake, mama wa mumewe, aliyekuja kumtembelea kwa wiki moja. Kumtembelea ni maneno ya adabu tu. Bibi yule alikuja kumshawishi afunge duka, arudi nyumbani, maana upande wa juu wa barabara ile ile palikuwa pamefunguliwa duka jipya la kufulia, lenye milango ya kioo na mashine zinazonguruma, na wateja walikuwa wameanza kuhama. Lakini hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu. Povu aliporudi alimkuta mbele ya rundo la nguo zilizokwisha pigwa pasi, mkasi mkononi, uso umemng'aa kwa furaha.

"Mwanangu, vinyuzi vilivyojaa kwenye nguo za watu! Nimekutolea vyote. Hakijabaki hata kimoja."

Nguo mia moja na kumi. Na wenyewe wangezifuata saa kumi jioni.

Povu akaketi juu ya gunia la sabuni. Angekuwa mtu mwingine angemtolea uvivu pale pale. Sasa mama mkwe utamwambia nini? Akajikaza kisabuni, akamweleza taratibu vile vinyuzi vilikuwa na kazi gani. Bibi akauweka mkasi chini.

Kinyozi wa chumba cha pili akachungulia. "Wewe kisia tu, dada. Shati jeupe ni shati jeupe. Nani atajua?"

"Thubutu! Mtu akifika nyumbani na nguo ya mwenzake, Jumatatu mtaa mzima uko kule kwenye vioo, na mimi nafunga duka. Nitawaambia ukweli. Njoo unisaidie kufunga kamba."

Wakafunga kamba kutoka nguzo ya kinyozi hadi dirisha la fundi viatu, na nyingine, na nyingine, wakatundika mashati, sare na magauni mpaka kinyozi mwenyewe hakuuona tena mlango wake. Saa kumi watu walipojaa, Povu alipanda juu ya kreti.

"Jamani, alama za nguo zenu zimepotea. Kosa ni langu, nilizificha kichwani peke yangu. Sitaki kumpa mtu kisicho chake. Karibuni, kila mtu aitafute yake."

"Mwongo huyo!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa mama mkwe. "Nilizikata mimi, kwa mkono huu. Msimlaumu mwanangu."

Kisha muuza mkaa akaangua kicheko, na wengine wote wakamfuata.

Basi ikawa kama mnadani. "Gauni hilo la nesi, nalijua kwa lile doa la pasi!" "Doa hilo si langu," Povu akadakia, "alikuja nalo!" "Na suruali ile ya dereva, nani mwingine ana miguu mifupi hivyo?" Mwalimu alikuwa akiipita fulana moja yenye matundu kama haijui. "Mwalimu, chukua fulana yako, sote tunaijua!" Wanaume wawili waligombania shati la bluu, kila mmoja akiapa, mpaka muuza mkaa akawaamuru walijaribu. Wa kwanza vifungo vilimgomea tumboni, akalivua huku akilalamika kwamba dobi amelipunguza. Watu bwana!

Jua halijazama, kamba zilikuwa tupu, na hakuna aliyeondoka bila nguo yake. Povu alitaka kulia, akalia, wala hakuona haya.

Mpishi wa shule alikuwa amebaki pembeni na furushi. Mwezi uliopita alikuwa amehamia kule kwenye vioo, na kila mtu alijua.

"Kule nimepewa sketi ya mtu," alisema bila kumtazama Povu usoni. "Nikilalamika, wananiambia mashine imeandika ni yangu. Hakuna hata mmoja anayenijua pale. Nipokeeni."

Povu hajafungua kinywa, mama mkwe alikuwa amekwisha lipokea furushi. Akalifungua mezani, akatoa nguo moja moja, akazikagua mbele na nyuma. Kisha akamwomba kinyozi kalamu.

"Jina lako, mwanangu?"

Mpishi akalitaja.

"Na jirani yako ni nani, atakayezitambua nguo zako alama zikipotea?"