Njia ya Baiskeli Inayofika Rhotia

Brigita alikuwa bibi shamba kwa miaka thelathini na miwili katika vijiji vya Karatu, na miaka yote hiyo alifanya kazi kwa baiskeli. Kwa hiyo barabara za Uholanzi hazikumtisha. Kilichomsumbua ni breki, maana baiskeli ya mwanawe Wilibrodi haikuwa na breki za mkononi. Ukitaka kusimama ulikanyaga pedali kinyumenyume. Siku ya tano tangu afike Utrecht, Jumatano asubuhi, alivaa sweta, akafungua kufuli chini ya ngazi za ghorofa, akatoka kwenda kununua maziwa.

Alishika upande wa kulia kama alivyoelekezwa. Alinyoosha mkono kila alipokata kona. Kwenye taa za baiskeli alisimama nyuma ya mama mmoja aliyepakia watoto wawili katika sanduku la mbele, kama mtu anayepeleka nguruwe mnadani. Baada ya daraja la pili la mfereji alitakiwa akate kushoto. Akakata kulia.

Njia za baiskeli za mji ule ni za lami nyekundu. Njia hiyo nayo iliendelea kuwa nyekundu, ila lami iliisha, kisha ikaanza kupanda. Brigita alishuka akasukuma. Mlima ule aliujua. Ni ule wa juu ya Rhotia, kijijini kwake, ambao hata ujanani hakuwahi kuumaliza akiwa amekaa kwenye kiti.

Jirani yake Selina alikuwa nje anamenya viazi.

"Mama Wili, si tuliambiwa uko Ulaya?"

"Niko Ulaya. Nimetoka kununua maziwa."

"Haya. Kaa unywe uji, umetokwa jasho."

Saa ya Brigita ilionyesha saa tatu na ya Selina saa nne. Wakanywa uji wakaongea habari za jumuiya, nani anaumwa, nani kaposwa. Kisha Selina akasema, "Lakini ninyi nanyi, mngekuwa mnaambiana. Wili alikuwa hapa Jumapili, na baiskeli hii hii. Alikuja na wapimaji wakati watu wako misani. Mimi nilibaki na mgonjwa, ndiyo maana nikamwona."

"Wapimaji gani?"

Selina alielekeza kwa kidevu ng'ambo ya ua wa minyaa.

Jumapili ile Wilibrodi alikuwa ametoka kwenda kununua mkate, akarudi baada ya muda wa saa tatu, na matope kwenye pindo za suruali. Brigita ndiye aliyeifua.

Alivuka ua, akaingia shambani kwake. Palikuwa na bikoni sita mpya za saruji, alama za mipaka, zimepakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba. Moja ilisimama hatua mbili kutoka kichwani pa kaburi la mumewe, Josephati.

Josephati alifariki miaka miwili iliyopita, mwezi wa Machi. Walimsubiri Wilibrodi siku tano, jeneza likiwa mochwari, mpaka alipopiga simu analia kwamba nauli imeshindikana. Ilipofika zamu ya mtoto wa kiume kutupa udongo, padri alisita, na Brigita akainama akautupa yeye.

Aling'oa majani machache pembeni ya kaburi. Halafu akapanda baiskeli, akateremka, akavuka daraja, akanunua maziwa.

Wilibrodi alirudi saa kumi na moja jioni kutoka kwenye ghala la maua alikofanya kazi kwa miaka kumi na moja. Alinawa mikono, akakaa mezani. Jua lilikuwa bado juu kabisa.

"Leo nimefika nyumbani," Brigita alisema.

Wilibrodi aliacha kutafuna. "Ulikata kulia baada ya daraja la pili."

"Nilikata kulia."

"Wengi wanaitumia ile. Yule Msuriname wa ghorofa ya kwanza huenda kwao kila Jumamosi kuchukua pilipili."

"Wewe uliijua lini?"

"Aayo," alisema. Ndivyo Wairaqw wanavyomwita mama, na Wilibrodi hakuwa amelitumia neno hilo tangu ampokee uwanja wa ndege.

"Nimekuuliza, uliijua lini?"

"Mwaka wa kwanza."

"Baba yako tulimzika mwaka wako wa tisa."

Wilibrodi alitazama dirishani. "Wiki ile kulikuwa na upepo sana," alisema. "Upepo wa mbele. Baiskeli haziendi."

Uholanzi kuna upepo; hilo hakuna anayelibisha. Brigita alimwekea mboga. Mwanawe alikula kidogo, kisha akaeleza mengine bila kuulizwa. Kuna mtu wa hoteli, ana haraka, anataka vyumba kumi na viwili vinavyotazama msitu wa Ngorongoro. Nafasi kama ile haiji mara mbili. Ndiyo sababu alimwalika, asiwepo wakati wanavunja nyumba.

"Nilikuhurumia," alisema.

"Shamba ni langu. Nimeuza lini?"

"Ulisaini. Ile karatasi ya mwisho, kwenye zile za viza. Ulinipa mamlaka."

Brigita aliikumbuka bahasha. Kila penye kusaini palikuwa na alama ya njano, na kila penye njano alisaini. Yeye ndiye aliyewafundisha wakulima wa vijiji kumi na tisa kwamba karatasi husomwa mara mbili kabla ya kushika kalamu. Ile hakuisoma hata mara moja, kwa sababu juu ya bahasha kulikuwa na mwandiko wa mwanawe.

Kesho yake alikata kulia tena, akaenda ofisi ya kijiji. Mtendaji alimkaribisha kiti, akaitoa nakala, akaigeuza ili aione vizuri.

"Saini ni yako, mama?"

"Ni yangu."

"Basi mama, hapo nashindwa. Umekuja na usafiri gani?"

"Baiskeli, kutoka kwa mwanangu Ulaya."

"Iingize ndani. Siku hizi wanaiba."

Nyumba ilivunjwa wiki iliyofuata. Brigita alikuwepo, aliwaonyesha mafundi ukuta upi una nyufa, usije ukamwangukia mtu. Selina alimchukua ng'ombe wa Brigita. Kaburi watu wa hoteli waliahidi kutoligusa, wakalizungushia vigingi na kupanda maua.

Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Agosti, lakini ingemrudisha kwenye nyumba ambayo haikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyeizungumzia. Wilibrodi alimnunulia koti la mvua akampisha chumba chake. Jioni walikula pamoja. Mwana alimuuliza kama njia ni kavu, naye mama alimjibu. Hakumtukana wala kumlaani. Tangu mwanawe akiwa mchanga alikuwa akimwita "baba", kama akina mama wanavyomwita mtoto wa kiume. Sasa alimwita Wilibrodi. Mara ya kwanza alipolisikia jina lake, Wilibrodi alisimama na sahani mkononi, akangoja, kama mtu anayedhani kuna maneno mengine yanafuata.

Mwishoni mwa Juni uzio wa hoteli ulikamilika. Siku moja ya Julai Brigita alikuta geti, na mlinzi mwenye shuka nyekundu amekaa kwenye kibanda. Aliitwa Sironka, Mmasai mtu mzima wa kijiji cha Arash, aliyekuja kulinda baada ya ukame kummalizia ng'ombe.

"Shikamoo, yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimasai.

"Marahaba. Nakwenda shambani kwangu. Nimekuja kuvuna maharage."

"Ingia tu, ila tuandikishane kwanza. Ndiyo kazi waliyonipa." Alifungua daftari kubwa jipya. "Jina?"

Alimtajia.

"Unatoka wapi?"

"Hapa."

Sironka aliitazama baiskeli. Ilikuwa inachuruzika maji ya mvua, na Rhotia mvua haikuwa imenyesha tangu Mei.

"Leo asubuhi umetoka wapi?"

"Utrecht."

"Hiyo ni nchi gani?"

"Uholanzi."

Aliandika Uholanzi, taratibu, kwa herufi kubwa. "Sababu ya kuja?" Akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Wameweka tatu. Kulala, kula, kutazama mandhari. Kuvuna haipo."

"Weka iliyo karibu."

Sironka alifikiri kwa muda, kwa sababu alitaka kutenda haki. Kisha akatia alama kwenye kutazama mandhari, akampa kalamu asaini. Brigita alisoma mstari wote mara mbili. Hapakuwa na kosa. Akasaini.

Mlinzi alimshikia baiskeli, akamfungulia geti. Maharage yalikuwa yamekauka na maganda yalianza kupasuka yenyewe, mbegu zinadondoka chini moja moja. Brigita alisimama kwenye kijia cha kokoto kilichotengenezwa kwa ajili ya wageni, akaweka mikono nyuma, akatazama.