Jumamosi ya Kupima Sikio

Mzee Gideoni hakukaa kwenye kiti. Sisi wanakwaya tulikuwa na viti vya plastiki. Yeye alilivuta spika kubwa la kwaya mpaka chini ya dirisha, akalikalia, akaweka gitaa mapajani na kidevu juu ya ubao wake, ndipo akapiga. Alikuwa mpiga gitaa wetu kwa miaka kumi na tisa. Siku za kazi alisimamia mashine yake ya kusaga muhogo na mahindi, na hata akiwa kanisani alizungumza kama vile mashine bado inanguruma. Tulisema ni maringo.

Mwaka jana uongozi ulimwomba anifundishe mimi. Alinitazama, akamtazama Lucy mgongoni kwangu, akasema mbele ya watu wote, "Gitaa si mtoto, mama Lucy. Ukilitikisa halinyamazi."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini.

Mwezi wa kwanza wote nilibeba spika na kufuta vumbi. Mwezi wa pili akaniruhusu kushika gitaa, bila kupiga. Nilipoanza kupiga, alinirekebisha kwa macho. Hakuwahi kuniambia sauti haikukaa. Aliniambia kidole kimechelewa. Hasa kidole cha tatu, hiki cha pete. Alikuwa na rula ya mbao, na kila kikichelewa anakigonga, huku akitangaza mpaka wapita njia wanasikia kwamba kidole cha mama Lucy kimelala tena. Siku moja alimwona Lucy amepanua mdomo analia. Akasema mpeni huyo sare, anaimba vizuri kuliko mama yake. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Nilivumilia kwa sababu moja. Kwaya ilikuwa inajiandaa kurekodi video, na kwenye video ile kungekuwa na gitaa moja tu. Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba. Baba wa Lucy alivuka Kilambo kwenda Msumbiji kutafuta kazi, na hakutuma hata salamu. Nilitaka mwanangu akikua awe na kitu cha kutazama, aseme huyo pale mwenye gitaa ni mama yangu. Hicho tu.

Gitaa lenyewe nililielewa kwingine. Nilikuwa nimerudi darasani, masomo ya jioni, na Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi palikuwa na kijana wa Mpapura, Mwalimu Yusufu, aliyefundisha nadharia ya muziki kwa yeyote aliyetaka kubaki. Alichora shingo ya gitaa ubaoni, akaonyesha kwamba kutoka do kwenda re unaruka chuma kimoja cha pale shingoni, lakini kutoka mi kwenda fa huruki, na kutoka ti kwenda do huruki. Nilikuwa nimeimba nota tangu utotoni bila kujua kwamba zimepangwa hivyo. Usiku ule nilihesabu vyuma kwa vidole hewani mpaka usingizi ukanichukua. Kumbe kila wimbo tuliouimba ulikuwa na njia yake, na njia hiyo inafundishika.

Aliniazima gitaa lake la zamani na kunipa utaratibu. Dakika ishirini kwa siku, basi. Tano za kuzoesha vidole, kumi za nadharia na sikio, tano za wimbo ninaoupenda. Jumapili hakuna. Niliubandika ukutani karibu na chandarua, na saa nane mchana, Lucy akilala, nilikaa. Siku za mwanzo nilitaka kupiga saa nzima, vidole vikavimba, siku tatu sikulitazama tena. Mwalimu Yusufu akaniambia, "Usisubiri likuchoshe. Liweke chini ukiwa bado unalitaka." Nikafanya hivyo, na kesho yake nililikimbilia.

Baada ya miezi minane nilisikia jambo. Uzi wa kwanza wa gitaa la mzee Gideoni, ule mwembamba, ulikuwa umeshuka nusu toni. Nilidhani ni mimi. Wiki ya pili nikausikia tena, na ya tatu. Wenzangu walikunja nyuso kidogo na kuendelea kuimba. Yeye hakukunja chochote.

Nilisubiri watu watoke, nikamwambia taratibu kwamba uzi wa kwanza umeshuka. Hakujibu. Nikazunguka mbele yake, nikarudia. Akanitazama mdomoni. Kisha akawaita wote warudi ndani.

"Njooni mmsikilize msomi wa jioni," akasema. "Ananifundisha mimi sauti. Nenda kwanza kamfundishe baba wa mtoto wako njia ya kurudi kutoka Kilambo."

Kicheko cha siku ile nakikumbuka mtu mmoja mmoja. Wapo waliojiziba kwa khanga. Dada Magreth, mwenyekiti wetu, hakucheka, aliinamia daftari lake.

Nilimsimulia Mwalimu Yusufu. Alichoniuliza ni kuhusu uzi tu, na mahali mzee anapokaa, na kidevu.

"Huyo hasikii," akasema. "Anakalia spika ili mwili usikie. Kidevu hivyohivyo. Mama Lucy, mhurumie."

Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Dada Magreth ni mwalimu wa shule ya msingi na hapendi jambo liamuliwe bila kuandikwa kwenye daftari. Ili apatikane wa kupiga kwenye video, alitangaza usaili siku ya Jumamosi: mimi na mzee, kila mmoja apige wimbo uleule, kisha wanakwaya wanyooshe mikono. Mzee Gideoni alipiga kwanza. Uzi ule ulikuwa bado umeshuka, lakini vidole vyake vilikwenda kama maji, na miaka kumi na tisa si midogo. Niliona watu wanatikisa vichwa kwa upendo. Mimi nilipiga kwa usahihi. Nilikuwa kama mtoto anayesoma risala. Nilijua mikono itanyooshwa kwa nani.

Nikaomba kusema. Nikasema kwamba kwenye darasa letu tuna kipimo cha sikio: mmoja anageukia ukuta, mwenzake anapiga do ili ajue pa kuanzia, kisha anapiga sauti nyingine na aliyegeuka anaitaja. Waamuzi wapo tayari, nikasema, maana kila mmoja humu anajua nota. Watu wakapenda, ulikuwa mchezo. Niligeuka mimi kwanza. Mzee alinipigia sauti saba, nami nikazitaja zote saba. Wakapiga makofi.

"Zamu ya mwalimu," nikasema. "Na spika lizimwe, tupime sikio, si umeme."

Dada Magreth akalizima. Mzee Gideoni aliona kidole chake kwenye swichi. Angeweza kukataa. Lakini watu walikuwa wanamtazama huku wakitabasamu, na hakuwahi kushindwa mbele yao. Alinikabidhi gitaa, akasimama, akageukia ukuta, mikono nyuma.

Uzi mnene labda angeusikia. Nilijua hilo. Nikachagua ule mwembamba, tena nikaugusa kwa ncha ya kidole.

Hakusema kitu. Nikapiga tena. Sauti ilifika mpaka kwa wasoprano wa nyuma. Niliona midomo yao inaunda nota kimyakimya. Nikapiga mara ya tatu, taratibu zaidi.

"Anza basi, mama Lucy," mzee Gideoni akauambia ukuta, kwa ile sauti yake kubwa. "Unaogopa nini?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Walidhani anatania. Halafu kicheko kikafa upandeupande mpaka ukumbi wote ukanyamaza, na yeye bado amesimama pale, kisogo kwetu, anasubiri. Shingo yake ilikuwa imenyooka kama ya mwanafunzi. Hakuna aliyetaka kwenda kumgusa bega. Ningeweza mimi. Nikapiga mara ya nne.

Lucy alikuwa anatambaa sakafuni. Alifika kwake, akashika suruali yake, akajivuta kusimama. Mzee akatazama chini, akatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akamuuliza mwanangu, "Mama yako ameshaanza?"

Kisha akainua uso akaziona nyuso zetu.

Alitoka bila gitaa. Dada Magreth aliandika jina langu kwenye daftari bila kuhesabu mikono.

Jumatatu nilimpelekea gitaa lake. Mkewe, mama Andrea, alinipokea mlangoni. Mzee alikuwa uani, ametupa mgongo, anachekecha unga, wala hakujua kama kuna mgeni. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilisema kwanza kwamba naomba niuweke sawa uzi wa kwanza, umeshuka.

"Acha," akasema mama Andrea. "Akikuta umeguswa atajua ulikuwa umeshuka kweli."

Nikauliza ni tangu lini. Akasema mwaka wa nne huu. Alianza kwa kutosikia ndege, halafu wajukuu, halafu yeye mkewe. Hakutaka mtu ajue. Alikuwa anahesabu siku za ile video. Alisema akishapigwa picha kwenye video ataliweka gitaa chini mwenyewe, maana hata asiposikia ataona vidole vyake vinacheza kwenye runinga, na atakuwa anajikumbusha.

"Wewe mtoto ulikuwa na haraka ya nini?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua. Nikamkabidhi gitaa, nikaaga, nikaondoka.

Sauti tuliirekodi mjini, na picha tulikwenda kuzipiga Kilambo, mto Ruvuma ukiwa nyuma yetu. Mpiga picha alisema nitabasamu, nitazame ng'ambo. Nilitazama ng'ambo.

Video ilipotoka tuliitazama ukumbini, runinga ya kuazima juu ya meza. Mzee Gideoni alikuja. Hatukumtarajia. Alivaa sare, akaketi mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki kama sisi. Lucy alikuwa mapajani kwangu, anaonyesha kwa kidole. Ndiyo, mama, yule ni mimi. Watu walisifu, wakasema gitaa limenyooka, halina doa. Mimi pia sikusikia doa lolote.

Wimbo ulipofika ubeti wa pili kamera ikasogea kwenye mkono wangu. Mzee Gideoni akainama mbele, akausogelea mkono ule pale kwenye kioo.

"Kidole cha tatu kinachelewa," akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Wimbo ulipoisha Dada Magreth aliurudisha mwanzo, watu waone tena, nami nikausikiliza nikiwa nimefumba macho. Ubeti wa pili ulipofika nikakisikia. Kilichelewa.

Kesho yake saa nane Lucy alilala. Nilikaa, nikaweka saa. Tano za kwanza ni za vidole.