Kitambaa Kwenye Bomba la Lori

Mtu akiitwa mwizi na jirani, atameza. Akiitwa mwizi na mjomba wake, tumbo moja na mama yake, mbele ya wapakizi wote wa ghala, hilo halimezeki.

"Oili unaiuza njiani, mpwa," mjomba alimwambia dereva kwa sauti ya juu, kijiti cha kupimia oili kikavu mkononi. "Lori langu haliwezi kunywa namna hii."

Lori lenyewe kuukuu, limepita mikono mingi, na nyuma lilitoa moshi wa bluu ambao hata kipofu angeunusa. Lakini mjomba alikuwa ameshaamua. Tangu siku hiyo dereva akipita, wapakizi wanamwita Bwana Oili.

"Basi lifunguliwe," dereva akasema. "Na wewe uwepo."

Kule gereji, fundi aliwasha injini, akalegeza kifuniko cha oili. Kikaruka, upepo wa moto ukatoka fuu.

"Ringi za pistoni zimekwisha," mjomba akadakia. "Ndio uendeshaji wake huo."

Yaani wizi ukimshinda, anahamia kwenye uharibifu. Mzee huyu hakosi la kumbandika mtu.

Fundi alipima mgandamizo, silinda moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sawa, ringi nzima. Akakuna kichwa, akaingia uvunguni, akalifuata kwa mkono bomba la kupumulia injini. Alitoka na kitambaa kilichosokotwa, kinachuruzika oili.

"Injini imezibwa pua," alisema. "Hewa haina pa kutokea, inaisukuma oili juu, inaungua. Nani kaziba?"

Kitambaa kilikuwa na maua ya zambarau. Dereva aliyajua maua yale: pazia la zamani la sebuleni kwa mjomba.

Mjomba akatazama viatu vyake. "Lori likilala kwangu, lilikuwa linadondosha oili kwenye sakafu yangu mpya ya uani," akasema.

Fundi akaliosha bomba, akaliwekea kopo la kukinga matone. Wakiwa njiani kurudi, moshi ulizidi kupungua.

"Yaishe, mpwa," mjomba alinong'ona. "Haya ni ya familia. Nisamehe."

Mnong'ono ule ulimchoma dereva kuliko tusi lenyewe. Kumbe mzee anajua kushusha sauti! Kumwaibisha, ghala zima. Kumwomba radhi, ndani ya kabini, vioo vimepandishwa.

Alisimamisha lori katikati ya uwanja wa ghala, akabonyeza honi asiiachie, mpaka wapakizi wakatua magunia, karani akatoka ofisini, watu wakalizunguka lori. Ndipo akazima injini, akajinyoosha na kuteremsha kioo cha upande wa mjomba.

"Mjomba ana neno," akasema.

Mjomba akajikohoza. "Mpwa wangu hakuiba," alisema.

"Huku nyuma hatujasikia," mpakizi mmoja akasema.

Mjomba akamtazama mpwa wake. Dereva hakugeuza uso. Mzee akarudia, safari hii kwa sauti ile ile aliyomwitia mwizi.