Habari za Kazi

Mara ya kwanza Yasini wa bima alipofika Bujonde, Mama Felista alimpokea kama anavyopokelewa mgeni yeyote. Alimtolea kigoda, akamwekea ndizi mbivu kwenye sinia. Yasini alikuwa kijana nadhifu, viatu amevibeba mkononi kwa sababu ya tope, suruali ameikunja mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Habari za hapa?"

"Nzuri tu."

"Habari za kazi?"

"Kazi nzuri, tunashukuru. Mpunga umekubali."

"Na mwanao, kaka Ambrose, hajambo?"

"Hajambo kabisa."

"Yuko wapi?"

"Yuko shamba."

Basi, hayo tu. Felista hakuona kosa lolote. Hata siku mumewe alipokuwa amelazwa ndani, shuka imemfunika uso, waliofika mlangoni waliuliza habari naye akawajibu nzuri, kisha ndipo akalia. Jibu la kwanza ni la heshima. Mwenye nia ya kujua huuliza tena, na hapo ndipo anaambiwa. Yasini hakuuliza tena. Alikula ndizi, akaandika kidogo kwenye karatasi zake, akaaga vizuri na kuondoka.

Mwisho wa mwezi Ambrose alikwenda Kyela mjini kuchukua hela yake benki, akakuta haikuingia. Akaenda posta kupiga simu Dar es Salaam. Aliporudi nyumbani hakuvua hata kofia. Alisimama mbele ya mama yake aliyekuwa akipeta mchele.

"Mama, ulimwambia nini yule mtu?"

"Mtu yupi?"

"Wa bima! Nimepiga simu, wananiambia mama yako mzazi amethibitisha kwamba wewe ni mzima na unaendesha kilimo. Mama mzazi! Wangesema jirani ningeelewa."

"Alinisalimu, nikamwitikia."

"Ulimwambia sijambo!"

"Sasa ningemwambia nini? Aniulize hujambo, nimjibu umekufa?"

Kaka mkubwa, Zebedayo, alikuwa upande wa pili wa uwanja akinoa panga. Alicheka bila kuinua kichwa. "Hela ya kulala imekwisha," alisema. "Karibu kwenye jembe, gwe rubani."

Zebedayo hakuwahi kuipenda hela ile. Ambrose alikuwa amerusha ndege za shirika moja la watu binafsi, miaka ile serikali ilipofungua milango na kila mwenye mtaji akaanzisha lake. Nyumbani walimsifia mpaka kanisani. Kisha siku moja akaanguka mezani akila na wenzake, akatupa miguu, na aliporudiwa na fahamu daktari wa marubani alikuwa ameshika cheti chake cha afya. Hakukirudisha. Bila cheti kile hakuna leseni, na bila leseni hakuna ndege. Mkewe akabaki Dar, yeye akarudi kwa mama yake na sanduku moja.

Neno lenyewe, jina la ugonjwa ule, halikutajwa uwanjani pale. Ambrose ndiye aliyekataza. "Mama, usimwambie mtu," alisema usiku aliofika, na Felista akaapa kwa Kyala, Mungu wa mbinguni. Zebedayo naye alikataza kwa sababu zake: binti yake Elizabeth alikuwa akiposwa na watu wa Ngana, na watu wa Ngana wakisikia kwamba ukoo una ugonjwa wa kuanguka, wangegeuza ng'ombe wao njiani. Kwa hiyo kila Ambrose alipoanguka, majirani waliambiwa malaria imempanda kichwani.

Sasa Zebedayo aliweka panga chini. "Mimi nauliza kitu kimoja. Mtu ana mikono, ana miguu, anakula ugali kunizidi mimi. Analipwa kwa nini?"

"Nalipwa kwa kuwa nilikatwa," Ambrose alijibu kwa ukali. "Kila mwezi mshahara wangu ulikatwa nikiwa mzima. Bima ya rubani haingojei ukatike miguu. Miaka miwili ya mwanzo wanauliza swali moja tu: unaweza kurusha ndege au huwezi? Huwezi, wanalipa, hata kama unacheza mpira."

"Na baada ya miaka miwili?"

Sasa Ambrose alivua kofia. "Baada ya hapo wanauliza kama unaweza kazi nyingine yoyote inayolingana na elimu yako. Ukiweza, wanakata. Ndiyo maana walimtuma yule. Miaka miwili imefika, wanatafuta sababu, na mama amewapa kwenye sinia pamoja na ndizi."

Felista aliendelea kupeta. Alimfikiria yule fundi wa mitumbwi wa Matema aliyekatwa vidole na shoka. Bado alichunga ng'ombe, bado alipanda mihogo, lakini nani angemwita fundi? Hilo la miaka miwili alilielewa. La kazi yoyote ndilo lililomkaa kooni, kwa sababu yeye alijua jambo ambalo Ambrose mwenyewe halijui vizuri. Mtu anayeanguka hajioni akianguka.

Ambrose alikata rufaa kwa simu, akagombana nao mpaka wakakubali Yasini arudi. Asubuhi ya siku hiyo alimwambia mama yake, "Leo wewe hutasema kitu. Msalimie tu, uingie jikoni."

"Salamu ndiyo iliyotuua," Felista alisema.

"Basi usimsalimie! Fanya upendavyo, ila unyamaze."

Yasini alikuja na Balozi Andongwisye, balozi wa nyumba kumi, ili awe shahidi. Balozi yule mdomo wake haukuwa na mlango. Alichokisikia asubuhi, jioni kilikuwa kimefika Ngana. Zebedayo alipomwona, alisogeza kigoda chake karibu na mama yake, akakaa kama mlinzi.

"Shikamoo, mama," Yasini alisema.

Felista alimtazama tu.

"Shikamoo, mama. Habari za hapa?"

Kuku walikuwa wakiparua kwenye maganda ya mpunga. Balozi alikohoa kwa aibu. "Mama Felista, unasalimiwa na mgeni."

"Nimesikia."

"Mbona huitiki?"

"Salamu yangu ya kwanza hajamaliza kuitumia."

Balozi alishika kichwa. Tangu amjue mama yule, hakuwahi kumwona akimnyima mtu salamu, hata mtoza ushuru. Yasini alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akafungua karatasi, akamgeukia Ambrose.

"Tufanye kazi, kaka. Hali ile iliyoandikwa na daktari, imejirudia tangu umehamia huku?"

Ambrose alimtupia jicho balozi, akamtupia jicho kaka yake. "Ni... kichwa. Kichwa kinasumbua mara moja moja."

"Kichwa tu?"

"Kichwa tu."

"Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Na shamba unakwenda?"

"Nakwenda kuangalia."

"Vizuri." Kalamu ya Yasini ilikimbia. "Basi kampuni inaona hivi, na mimi nakubaliana nayo. Ndege huwezi, sawa. Lakini mtu aliyesoma kama wewe, anayejua Kiingereza na hesabu, anaweza kukaa ofisini. Anaweza kufundisha. Maumivu ya kichwa hata mimi ninayo, nimeyapata kwenye barabara yenu. Weka sahihi hapa kwamba ndiyo maelezo yako, tumalizane."

Alimpa kalamu. Ambrose akaipokea. Felista alimwona mwanawe akiinamia karatasi, akaelewa kwamba atatia sahihi. Angekubali kufa njaa kuliko balozi asikie.

"Unaandika kila kinachosemwa hapa?" aliuliza.

"Naandika, mama."

"Mama, nyamaza," Zebedayo alisema kwa sauti ya chini.

"Andika basi. Mwanangu ana kifafa."

Zebedayo alisimama kwa kishindo, kigoda kikapinduka. Balozi Andongwisye, bila kujua anachofanya, alisogeza kigoda chake nyuma, mbali na Ambrose. Ambrose hakusogea. Aliitazama ardhi kama mtu aliyevuliwa nguo.

"Mama," Yasini alisema, "siku ile ulisema hajambo kabisa."

"Uliuliza salamu, nikakujibu salamu. Kwenu mkisalimiwa mnaonyesha vidonda? Ungeuliza mara ya pili ningekwambia. Hukuuliza, ulikuwa na haraka ya kuandika."

"Haya, nauliza mara ya pili."

"Mpunga ulipokuwa bado na maji, alisimama kwenye tuta anaangalia shamba. Kila akienda namfuata nyuma, yeye anadhani natafuta mboga. Akaanguka kifudifudi kwenye maji yasiyofika kifundo cha mguu. Nilimkuta anakunywa tope. Nikamvuta kwa shati mpaka likachanika, nikamgeuza, nikamtoa majani mdomoni. Ningechelewa kidogo tu, ungekuja kusalimia kaburi. Sasa niambie wewe: huko ofisini unakompeleka, nani atakaa nyuma yake? Wewe?"

Yasini alichukua kalamu yake kutoka mkononi mwa Ambrose, taratibu, akaandika kwa muda mrefu. Kisha akamsomea balozi, balozi akatia sahihi akiwa amenyoosha mkono kutoka mbali, akaondoka mbio kama mtu aliyesahau chungu motoni.

"Nitaipeleka kama ulivyosema," Yasini alisema, akishika viatu vyake. "Daktari wa kampuni ataamua. Siwezi kuahidi."

"Sikuomba ahadi."

Alipokwisha kupotea kwenye migomba, Zebedayo alilipuka. "Umemuuza mjukuu wako! Kesho Ngana nzima itajua. Nani atamwoa Elizabeth sasa?"

"Mume atakayekimbia kwa sababu ya baba mdogo wa mkewe, akimbie kabla hajaleta ng'ombe. Hutakuwa na kazi ya kuwarudisha."

"Maneno rahisi! Si binti yako!"

"Ambrose ndiye wangu."

Ambrose alisema kwa mara ya kwanza tangu siri itoke, sauti yake kavu. "Mimi nilikuomba kitu kimoja tu, mama. Kimoja. Heri ningeikosa hiyo hela."

"Wewe ndiye uliyenifunga mdomo, kisha ukanilaumu kwa kuufunga," Felista alisema. "Leo nimeufungua, unanilaumu tena. Chukia. Mtu aliye hai anaweza kuchukia."

Alichukua ungo wake akaenda kuendelea na mchele. Hakuna aliyemfuata.

Watu wa Ngana hawakuja siku waliyopanga, wala hawakutuma mtu kueleza. Zebedayo alijenga ua wa mabua kati ya nyumba yake na ya mama yake, akaufunga vizuri kila upande.

Hela iliingia mwezi uliofuata. Ambrose alikwenda mjini kuichukua peke yake, kwa miguu, akishika njia ya katikati ya mashamba. Mama yake alimfuata kwa mbali na kikapu cha mboga. Aliona watu wakitoka njiani kumpisha mwanawe, wakishuka mpaka ndani ya mpunga, ingawa njia ilikuwa pana ya kutosha.