Mguu wa Mdogo Wake Mkunga

Mshonaji alikuwa amepanga kila kitu. Ataingia kanisani kimyakimya, atakaa benchi la nyuma, ibada ikiisha ataulizia kaburi la dada yake, atalia kama machozi yatakuja, kisha atapanda gari la mchana arudi mjini kwenye cherehani yake. Mtu mwenye haya ndivyo anavyopanga, na mipango yake huwa mizuri kweli mpaka watu wengine watokee.

Hata ngazi ya kwanza hakuikanyaga. Pale mlangoni pa kanisa lile dogo la Kianglikana alisimama bibi mmoja mnene ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Karibu, kwa sababu tangu apewe kazi ya mlango hajamwachia mtu apite bila kumshika mkono. Bibi alimtazama usoni, akauona ule mwanya wa meno ya mbele ambao kwao ni wa ukoo, akabaki kinywa wazi. Halafu, badala ya kuitikia shikamoo, akainama akautazama mguu wake.

“Maskini mwanangu,” akasema. “Umetembea kutoka barabarani na mguu huo?”

Mshonaji naye akautazama. Ulikuwa mguu tu, ndani ya kiatu cha Jumapili chenye vumbi kidogo. Kabla hajauliza una nini, alishakamatwa kiwiko na kuzungushwa ubavuni mwa ngazi, ambako palijengwa njia ya mteremko ya saruji, na bomba la chuma la kushikilia. Mama Karibu akamwambia apite hapo, taratibu, asiwe na haraka, hiyo njia ni yake.

Yake vipi? Kijiji hiki hajawahi kukitia mguu maishani mwake. Lakini mtu akikupandisha polepole kama amebeba trei ya mayai, mguu nao unaanza kujishuku. Katikati ya mteremko mshonaji alijikuta anachechemea. Hakukusudia, Mungu shahidi yake. Ilikuwa ni aibu tu ya kumwangusha bibi wa watu aliyejitaabisha hivyo.

“Kumbe ni wa kulia?” Mama Karibu akashangaa. “Sisi siku zote tunajua ni wa kushoto.”

Basi akachechemea wa kushoto. Ungefanyaje wewe?

Benchi la nyuma likabaki ndoto. Alipelekwa mbele kabisa, akaletewa kigoda chenye mto, na mguu wake wa kushoto ukanyanyuliwa ukawekwa juu kama mgeni rasmi. Watu wakapita mmoja mmoja kumpa pole. Mchungaji mwenyewe, kijana mwembamba, alitoka na kanzu haijafungwa vifungo, akamshika mikono yote miwili, akautazama mguu, akatabasamu tabasamu ambalo mshonaji hakulielewa hata kidogo. Alijibu asante, asante, maana mtu akipewa pole atajibu nini? Moyoni alikuwa amechanganyikiwa vibaya. Wamemfananisha na nani hawa?

Hapo inabidi niseme kilichomleta, msije mkadhani alikuwa mtu wa safari tu. Dada yake alikuwa mkunga wa kijiji hiki, na nusu ya waliokaa kwenye yale mabenchi walipokelewa duniani na mikono yake. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Mama alipofariki waligombania cherehani yake. Chuma kile kikuukuu, chenye pedali inayolia kama mlango mbovu, ndicho kilichowatenganisha. Mdogo mtu aliichukua kwa kuwa ndiye fundi, mkubwa mtu akasema mama alimwachia yeye, maneno yakapanda, na mshonaji akatamka ambalo halirudishiki: “Kwako sitakuja hata ukifa.”

Akalitimiza neno lake sawasawa. Miaka ikapita, dada akafa, taarifa ikamfikia, na siku ya mazishi mshonaji alikaa kwenye cherehani ileile akapinda sketi za shule mpaka giza likaingia. Tangu siku hiyo usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu. Alitaka kujua jambo moja: dada yake aliondoka na lile neno moyoni, au alikuwa ameshalitupa? Wa kumuuliza hayupo. Ndiyo akaja kwa waliokuwepo.

Ibada ikafika kwenye kuombea wagonjwa. Akasimama mzee mrefu anayeitwa Kipaza, kwa sauti ambayo haikuwahi kuhitaji umeme, akafumba macho akaanza kuwataja wagonjwa kwa kichwa tu. Akamtaja mwashi na kifua chake, mjane wa kisimani na macho yake. Halafu akasema: “Na mdogo wake mkunga wetu, yule fundi cherehani wa mjini. Ee Bwana, uuponye mguu wake, apate kufika.” Kanisa zima likaitikia kwa kelele kuliko kawaida, huku wakimtupia macho ya furaha.

Mshonaji alihisi joto limempanda mpaka masikioni. Ni kweli aliwahi kuvunjika mguu wa kushoto. Aliteleza sokoni wakati wa mvua, dada yake akaja kumuuguza, akarudi kijijini, plasta ikatolewa, mguu ukapona, akausahau. Lakini hiyo ilikuwa kabla ya ugomvi! Na dada alijua kwamba umepona. Walikutana kwenye arusi ya binamu yao, mshonaji akacheza mpaka kilemba kikadondoka, na dada alikuwa upande wa pili wa ukumbi akimtazama bila kumsalimia. Sasa miaka yote hii wanaombea nini?

Chai ilipoandaliwa uani, kunyamaza kukamshinda. Akaweka kikombe chini, akawaambia Mama Karibu, Kipaza na mchungaji kwamba wamsamehe, mguu wake ni mzima, ulipona zamani, hata arusini ameuchezea, kule kuchechemea hata yeye hajui kumetoka wapi.

Kipaza akasimama na kitumbua mkononi. “Mimi nimepiga magoti kwa mguu unaocheza arusini?”

Watu wakacheka, Mama Karibu akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akakumbuka saruji ya mteremko aliyoikoroga kwa mikono yake kwa ajili ya mguu huo, akaacha kucheka. Mchungaji ndiye aliyeeleza. Hapa kwao, alisema, anayeombewa haondolewi kwa habari za kusikia. Waliwahi kumwondoa mtu kwa sababu jirani alisema amepata nafuu, na wiki haikuisha wakamzika. Tangu hapo mgonjwa aje mwenyewe, aseme kwa kinywa chake amepona, na kanisa limjibu kwamba limesikia.

“Nilimuuliza dada yako,” mchungaji akaendelea. “Alikuwa ameniambia mwenyewe kuhusu ile arusi. Nikamwambia, mama, basi tumtoe. Akakataa. Akasema, ‘Mchungaji, ungekuwa umepona angeshafika hapa. Endeleeni kuomba.’”

Mshonaji akawa haelewi alie au akasirike. Amjuavyo dada yake, lile lingeweza kuwa upendo na lingeweza kuwa kijembe. Dada alikuwa na ulimi, jamani. Kumtangaza mtu kila Jumapili kwamba ni kiwete, mbele ya kijiji kizima! Akamgeukia Mama Karibu, maana alishaambiwa ndiye aliyemuuguza dada yake siku za mwisho, akamuuliza alichokuja kuuliza.

“Alikufa na hasira na mimi, mama?”

Mama Karibu hakuwa mtu wa kupaka mafuta maneno. “Alikuwa nayo,” akasema. “Alikusema asubuhi na jioni. Kichwa kigumu, roho ngumu, umechukua cherehani ya mama na hata kuitia mafuta hujui. Halafu akimaliza ananiuliza, ule mteremko mvua ikinyesha hautelezi? Nikamwambia hautelezi. Kesho yake ananiuliza tena. Hata ile asubuhi aliyotutoka, aliuliza hilo.”

Mshonaji aliinuka akaelekea nyuma ya kanisa walikomwonyesha, anatembea vizuri kwa miguu yake yote miwili, na watu wakaacha vikombe wakamfuata kwa mbali. Kaburi lilikuwa la udongo bado, limefagiliwa. Akatafuta maneno makubwa, hayakuja. Machozi ndiyo yalikuja, na mengi kuliko alivyopanga.

“Dada,” akasema, “mguu umepona. Nimefika.”

Kisha nyuma yake Kipaza, ambaye kunong'ona hakumo katika uwezo wake, akajibu kama ulivyo utaratibu wa pale, na kanisa zima likajibu pamoja naye: “Tumesikia.”