Kamba ya Kisima

Jumapili ile kaka yangu Sabiti alitoka nyumbani na kamba ya kisima begani, Mama akimfuata hadi uani kuidai.

"Na mimi nitatekea nini? Ushungi wangu?"

"Naazima tu, Mama. Mwalimu Cornel amesema bila kamba hatuingii lamboni."

"Basi Mwanne akufuate. Mkimaliza airudishe, sina maji ya kupikia."

Ndivyo nilivyofika lamboni. Nilifuata kamba.

Tulikaa Mwadui, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa almasi. Sabiti alikuwa msaidizi wa fundi karakana, na kuogelea alijifunzia ukubwani, katika bwawa la klabu. Majirani walimcheka, kwa sababu huku kwetu maji ni ya kunywa na ya ng'ombe. Mwaka ule wa 1979 alitaka jambo moja tu: kwenda Mwanza kwenye mchujo, achaguliwe timu ya kanda.

Mwalimu Cornel, karani aliyewafundisha vijana kuogelea jioni, alimwambia kwamba miguu yake ni mizuri ila mikono inateleza majini. Akamtengenezea makafi ya mkononi: vibapa viwili vya plastiki alivyovikata kwenye dumu, vya kufunga viganjani kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Nilimwona siku ya kwanza alipoyavaa. Kila alipovuta mkono, mwili ulikwenda mbele kana kwamba mtu amemsukuma kwa nyuma.

"Mwanne! Leo nimeyashika maji!"

Mwalimu hakucheka. "Kafi halikupi mbio, Sabiti. Linaufundisha mkono. Mbio zako utazijua ukilivua."

Alipoyavua alirudi kuwa mzito. Alisema viganja vyake vimekuwa vya mtoto, maji yanapita katikati ya vidole. Mwalimu akamwambia ndivyo inavyokuwa mwanzoni. Ayavae kidogo, ayavue, mkono utakumbuka. Sabiti hakuwa na subira hiyo. Alikata mengine, makubwa kuliko yale, akawa anayafunga kwa kuvuta mafundo kwa meno, maana yakilegea yanapinduka na kupunguza kasi. Jioni Mama alimkanda bega kwa maji ya moto.

"Linawaka moto hili bega."

"Ni nguvu inaingia, Mama."

Kisha bwawa la klabu likakaushwa kwa matengenezo, na mchujo ulikuwa umekaribia. Ndipo wakaamua kwenda lamboni, nje ya mji.

Tulimkuta Mzee Ngassa akinywesha ng'ombe. Alipomwona Sabiti akikaza mafundo aliangua kicheko. "Bhabha! Bata huvaa miguuni, wewe umevaa mikononi?"

"Shikamoo, mzee. Bata hazami."

"Marahaba. Na Mwanza haendi."

Hata Mwalimu alicheka. Kisha akasema, "Leo nataka mikono mitupu."

"Niende nayo, nirudi bila."

Mwalimu alikubali, ila akamwambia aogelee sambamba na tuta, asiende katikati. Sabiti akaingia. Sijawahi kuona mtu akienda kasi vile majini. Mzee Ngassa aliacha kucheka, akasimama na fimbo yake akitazama, na mimi moyoni nilimwona kaka yangu yuko Mwanza tayari.

Mkono wa kulia ulipanda, ukashindwa kushuka vizuri. Akageuka chali. "Bega!" akaita. "Mwalimu, bega!"

Mwalimu alirusha kamba. Ilifika mara ya kwanza ile ile, ikamlalia kifuani.

"Shika!"

Hakuweza kushika. Vidole vilikuwa vimenyooka juu ya plastiki, vimefungwa, havikunjiki. Alijaribu kuibana kamba kati ya vibapa viwili, ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza. Mzee Ngassa akapiga kelele, "Zungusha mkononi, bhabha, zungusha!" Mkono mmoja haukumtii tena, na huo wa pili ulipiga maji tu. Mwisho nilimwona akiupeleka mkono mdomoni, afungue fundo kwa meno kama alivyozoea kulifunga. Alifungua mdomo, maji yakaingia.

Mwalimu alikuwa ameshajitosa. Lakini maji ya lambo ni tope, mtu akizama hata chini ya mkono wako humwoni. Alipompata, alimpata kwa kupapasa.

Mafundo hayakufunguka hata pale. Mzee Ngassa alitoa kisu chake akayakata, akamwekea mikono kando ya mwili taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya magharibi.

Mwalimu Cornel alikaa nje ya nyumba yetu, nguo zimemkaukia tope mwilini. Mama alimwendea, akamuuliza neno moja.

"Kamba ilikatika?"

"Haikukatika, Mama Sabiti."

Mama akageuka, akarudi ndani.

Mwalimu alihamia Tinde, na kuogelea hafundishi tena. Makafi sijui yalikwenda wapi. Miaka hii ya uhaba kamba madukani hakuna, hata kwa kuulizia Shinyanga mjini. Ile ile ilirudishwa kisimani, na kila asubuhi nateka maji nayo.